Maji Yashukayo na Stima Iyapandishayo

Mtu apandaye daraja za jengo lolote la orofa saba au nane katika mtaa wa Pipeline, huko Embakasi, Nairobi, akatokea juu ya dari asubuhi ya kutakata kabla moshi wa jiji haujatanda, huona mambo mawili ambayo aghalabu hayatajwi pamoja. La kwanza li karibu naye: safu ya matangi meusi ya plastiki, kumi au kumi na matano, yaliyounganishwa na bomba jembamba lipandalo kutoka kwenye pampu iliyo chini, na pampu yenyewe imefungwa kwenye waya wa stima. La pili li mbali, upande wa kaskazini: mstari wa buluu wa milima ya Nyandarua, ambako maji yaliyomo katika matangi hayo yalianzia safari yake. Milima ile i juu kuliko dari ile kwa mamia ya mita. Na maji, kama ajuavyo kila mtoto aliyepata kucheza na mfereji wa mvua, hushuka yenyewe pasipo kusukumwa wala kulipiwa. Basi swali linalotupasa kujiuliza, tena kwa utaratibu na bila ya haraka, ni hili: maji yaliyoteremka bure mwendo wa kilomita zipatazo 50 yamefikwa na nini hata ikawa, yakiisha kuufikia mlango wa mpangaji, hapana budi yanunuliwe stima ya kuyapandisha tena?

Tuanze kwa kuwapa wahandisi wa zamani haki yao. Nairobi ilipokuwa kambi ya reli ilikunywa maji ya chemchemi za Kikuyu. Baadaye ukaongezwa mto Ruiru, kisha bwawa la Sasumua mwaka 1956, na mwisho likaja bwawa la Ndakaini katika mto Thika, huko Murang'a, lililokamilika mwaka 1994 na lenye kuchukua mita za ujazo milioni 70. Katika hatua zote hizo kanuni ilikuwa moja: yatafutwe maji mahali palipo juu ya mji, ili uzito wake uwe ndio farasi wa kuyavuta. Ndakaini likijaa, uso wa maji yake uko kadiri ya mita 2,040 juu ya bahari, na uwanja wa ndege wa Embakasi uko mita 1,624. Tofauti ni mita 400 na ushei. Mita moja ya ujazo ya maji, ambayo ni tani nzima, ikiteremka mita 400, inayo ndani yake nguvu ya takriban uniti moja ya stima, uniti ile ile ambayo mpangaji huinunua kwa tokeni. Kampala haikujaliwa hivyo: maji yake hutolewa ziwani, Ggaba, na kila tone sharti lipandishwe vilimani kwa mota. Sisi tulipewa kimo, na kimo ni mali.

Wala si bahati mbaya kwamba mito hii iliwasha taa kabla ya kujaza ndoo zetu. Mwaka 1908 Clement Hertzel alipewa haki ya kuupatia mji wa Nairobi umeme, na mtambo wake ukajengwa katika mto Ruiru. Kwa hiyo mto mmoja ulikuwa nuru ya mji kwanza, kisha ukawa kinywaji chake. Waliokuwa wakiishi zama zile hawakuhitaji kuambiwa kwamba maji na umeme ni ndugu. Ni baadaye tu, kila kimoja kilipopata kampuni yake, sheria yake, wizara yake na mdhibiti wake, ndipo undugu huo ulipogeuka kuwa ujirani wa kusalimiana kwa mbali.

Sasa tutazame jinsi kimo kile kinavyopotea. Tangu Januari 2017, Ndakaini lilipopungukiwa na mvua, mji ulitiwa katika ratiba ya mgao, na ijapokuwa mvua zimekuja na kwenda, mgao haukuondoka kabisa katika maisha ya Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa mji. Kwa miaka mingi hesabu iliyotajwa ni kwamba mji wote ulikuwa ukipata kadiri ya mita za ujazo 525,000 kwa siku, ilhali haja yake ilikuwa imekwisha kupita kiasi hicho kwa mbali. Na katika hayo yaliyofika, sehemu iliyo baina ya theluthi moja na nusu haikulipiwa, ama kwa kuvuja ama kwa kuibwa. Mtaa wa Buruburu au Umoja ukapangiwa siku zake, mtaa wa Kayole siku zake. Lakini bomba lililopangiwa siku mbili kwa juma si bomba lile lile likipunguziwa maji. Ni kitu kingine kabisa. Bomba lisilokauka hubaki na msukumo wake siku zote, na msukumo huo ndio mabaki ya kimo cha Nyandarua. Bomba likikauka, hewa huingia, na maji yarudipo hutumia saa nyingi kuifukuza hewa hiyo (ndiyo maana mita huzunguka kwa kasi na mfereji hukohoa kama mzee kabla ya kutoa tone la kwanza), halafu yakifika hufika dhaifu, yakakimbiliwa na kila mtu kwa wakati mmoja. Hapo mwenye ploti hana la kufanya ila kuyapokea ardhini, katika tangi lililofukiwa mbele ya lango. Na tangi la ardhini ndilo kaburi la kimo. Maji yakiisha kuingia humo, mita 400 zote zimefutwa, na safari ya kupanda huanza upya kwa fedha ya mpangaji.

Huko kwenye lango ndiko palipo na jambo ambalo vitabu vya hesabu za kampuni haviwezi kulionyesha. Usiku wa maji katika ploti zilizopangana bega kwa bega, keteka, yaani mtunza jengo, hulala sikio wazi. Asikiapo mfereji wa uani ukipuliza, huamka, akashika tochi, akafungua koki, na kama msukumo ni mdogo huwasha pampu nyingine, ndogo, iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili inyonye. Kunyonya huko hakuruhusiwi, na kila keteka anajua kwamba hakuruhusiwi. Walakini jirani ananyonya, na asiyenyonya ataamka na tangi kavu. Mwezi ujao jirani hununua pampu yenye nguvu zaidi, nawe ukamfuata, hata mtaa mzima ukawa unashindana kuvuta maji yale yale, yasiyoongezeka hata kwa kikombe kimoja, huku stima ikiliwa pande zote na walio mwisho wa bomba wakisikia upepo tu. Fauka ya hayo, bomba linyonywalo hivyo huvuta pia maji machafu ya mtaro kupitia kila ufa, jambo ambalo gharama yake hulipwa kwenye zahanati.

Hata hivyo yatupasa kuwa waadilifu katika hesabu. Wengi hudhani kwamba kupandisha maji orofa nane ndiko kunakokula fedha; sivyo. Kuiinua mita moja ya ujazo hadi dari iliyo mita 25 juu, hata kwa pampu mbovu iliyopoteza nusu ya nguvu zake na zaidi, hakufikii robo ya uniti. Kwa jerikani ya lita 20 ni senti tu. Mpangaji akilipa shilingi 20 kwa jerikani hiyo kwa mwenye mkokoteni, na jerikani 50 ndizo zifanyazo mita moja ya ujazo, amelipa shilingi 1,000. Na katika elfu hiyo stima haina sehemu ya kutajwa. Basi gharama iko wapi? Iko katika saa. Maji huja saa ambayo stima haipo, au stima huwapo saa ambayo maji hayapo, na mwanya huo baina ya saa mbili ndio mahali mkokoteni, bauza, jenereta na fundi wanapopatia riziki yao.

Nitoe mfano wa nyumbani, maana nimekaa katika ploti ya namna hiyo miaka kadhaa. Usiku mmoja, maji yakiwa yamerudi baada ya siku tisa, keteka alibisha mlango wangu yapata saa nane za usiku, akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "Mzee, tokeni za pampu zimekwisha, na landilodi hashiki simu." Tulichanga shilingi mia mia kwa simu, wapangaji sita tulioamka, lakini tokeni zilipoingia, bomba lilikuwa limekwisha kunyamaza. Tangi la chini lilijaa, matangi ya juu yakabaki matupu, na asubuhi wanawake wa orofa ya saba walishuka na ndoo kuchota maji yaliyokuwa yao tayari. Keteka alipowasha pampu jioni, wakati nyumba zote zinapika na kupiga pasi, volteji ilikuwa chini kiasi kwamba taa zilikuwa rangi ya chungwa. Na mota, ikiwa haipati volteji yake, huvuta mkondo mkubwa zaidi kufidia, ikapata moto, ikatoa harufu tuliyoijua sote. Ilipelekwa Kariobangi Light Industries kusukwa upya nyaya zake. Kwa siku nne tulinunua maji ya mkokoteni. Nilipokaa nikapiga hesabu, stima iliyohitajika kupandisha maji ya usiku ule haikuzidi uniti mbili.

Upande wa umeme nao una ratiba yake. Nchi ya Kenya hutumia stima nyingi kupita wakati wote baina ya saa moja na saa nne za usiku, ambapo mahitaji ya kilele yamepita megawati 2,000. Halafu watu wakilala mahitaji hushuka sana, ilhali mvuke wa ardhini wa Olkaria hauna usingizi, na upepo wa Turkana, uliounganishwa na gridi mwaka 2018 kwa mitambo ya megawati 310, hupenda hasa kuvuma usiku. Zipo nyakati za usiku wa manane ambapo mvuke huachiliwa hewani kwa kukosa mnunuzi. Serikali ililitambua jambo hili, na Desemba 2017 bei ya nusu ikaanzishwa kwa wenye viwanda na biashara kubwa watumiao stima zaidi katika saa za usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili alfajiri. Ni tadbiri njema. Lakini ploti ya vyumba 80 si kiwanda. Mita yake ya pamoja, ile ya ngazi, ya taa za uani na ya pampu, hulipa bei moja mchana na usiku, na kwa kuwa hutumia uniti nyingi kuliko nyumba ya mtu mmoja, mara nyingi huangukia daraja la juu la bei. Hivyo mtumiaji ambaye kazi yake ingeweza kuahirishwa hata usiku wa manane pasipo mtu kuumia, kwa kuwa tangi halina haraka, ndiye asiye na sababu yoyote ya kuiahirisha. Naye huwasha pampu saa moja jioni pamoja na Eastlands nzima, akiongeza uzito juu ya transfoma iliyokwisha kulemewa.

Visima ni habari nyingine, na hapo stima ndiyo bwana kweli. Maji ya chini ya Nairobi yamo ndani sana, mara nyingi zaidi ya mita 200, na kila mwaka yanazidi kushuka kwa wingi wa wachimbaji. Kuitoa mita moja ya ujazo kutoka kina hicho hula kadiri ya uniti moja. Yaani mwenye kisima analipia kwa tokeni kimo kile kile ambacho Nyandarua hukitoa bure. Tena maji yenyewe ni ya chumvi, yenye floridi ya kutia meno ya watoto rangi ya kahawia. Baina ya 2020 na 2022, idara ya muda iliyousimamia mji ilichimba visima vipitavyo 100 katika mitaa ya wanyonge, na shabaha yake ilikuwa njema. Lakini kisima ni kama ng'ombe wa kupewa, hapana anayeuliza majani yatatoka wapi. Nakijua kimoja ambacho tangi lake lililoinuliwa juu ya vyuma lilisimama miezi mizima likiwa pambo, kwa sababu kundi la vijana walioachiwa kukiendesha waliuza maji kwa bei ya huruma wakashindwa kulipa stima. Jua la Nairobi lingefaa hapa kuliko mahali popote, maadamu kisima huweza kufanya kazi mchana tu na tangi likatunza hadi usiku. Na kwa kweli pampu za jua zinaongezeka. Ninachokihofia ni kwamba jua halitumi bili, na pampu isiyotumiwa bili haina anayeizima, hali maji ya chini hayana mdomo wa kusema basi.

Tukipanda juu zaidi ya mtaa, tunakuta mkutano wa tatu wa maji na stima, ambao wakazi wengi wa Eastlands hawajapata kuufikiri. Mto Thika na mito ya jirani yake, ikiachwa iende zake, huingia katika Tana, na Tana huingia Masinga, bwawa lililokamilika mwaka 1981, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, mabwawa matano yaliyopangwa kama daraja za nyumba. Kutoka uso wa Masinga hadi chini ya mitambo ya Kiambere ni kadiri ya mita 500, na kila mita ya ujazo iteremkayo daraja zote hizo huzaa takriban uniti moja ya stima. Kwa hiyo mita ya ujazo inywewayo Dandora imeinyima mitambo ya Tana uniti moja. Ukizidisha kwa maji yote ya mji kwa siku, unapata kazi ya kudumu ya megawati 20 na ushei, usiku na mchana. Simaanishi kwamba watu wasinywe. Koo la mtu huitangulia taa. Ila mtu ajue kwamba maji yanayovuja Eastlands hayakupotezwa mara moja: yamepotea kwa mnywaji, na yalikuwa yamekwisha kupotea kwa Kiambere. Mwaka 2000, ukame ulipoikausha Masinga na nchi ikakaa gizani kwa zamu, tuliona jinsi mito hii isivyo na ziada ya kuchezewa. Handaki jipya la kilomita 11.8 lililochimbwa Murang'a kuchukua maji ya mafuriko ya mito ya huko na kuyatia Ndakaini limeongeza maji ya mji, nalo pia linakunywa katika bakuli lile lile la Tana.

Na maji hayo yakiisha kutumika hayarudi Tana. Huteremka kwa mabomba ya majitaka hadi mabwawa ya Ruai, kisha hutiwa katika mto Nairobi, nao huingia Athi, ambao huko chini huitwa Galana na mwisho Sabaki. Kule Baricho, karibu na Malindi, visima vilivyo kando ya Sabaki hutoa maji na kuyasukuma kwa stima hadi Malindi, Kilifi na Mombasa. Yaani tone lililokosa kuzalisha umeme katika Tana huenda likakutwa Baricho likitumia umeme ili lipande. Wakazi wa Mombasa wanazijua natija zake: mara kadhaa stima ya Baricho imekatwa kwa deni, na mji mkubwa wa bandari ukakauka, ilhali maji ya Mzima, yaliyofika Mombasa mwaka 1957 kwa bomba la kilomita 220 literemkalo lenyewe kutoka Tsavo, hayakuhitaji kumwomba mtu radhi.

Unguja ilipata somo kali zaidi. Waya wa chini ya bahari uliopeleka umeme kisiwani ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kikakaa gizani hadi Machi 2010. Na kwa kuwa maji yake yanatoka visimani kwa pampu, kiza kilikuwa pia kiu. Mwenye jenereta akawa mwenye maji. Kinyume cha hayo ni Oman, nchi ambayo ndugu zetu wengi wa pwani wamehamia. Kule maji mengi ya mabomba ni ya bahari yaliyosafishwa, na tangu mtambo wa Ghubra wa Maskati mwaka 1976 joto la kuzalisha umeme lilitumika hilo hilo kuchemsha maji. Na mwaka 2003 ikaundwa kampuni moja ya serikali ya kununua umeme na maji kwa pamoja, yenye kupima haja za vyote viwili kwa miaka ijayo katika hesabu moja. Wao jangwa liliwalazimisha. Siamini kwamba sisi twahitaji kuunganisha makampuni, maana kuunganisha ofisi mbili zenye madeni huzaa ofisi moja yenye deni kubwa. Lakini kitu kimoja cha Oman chaweza kuigwa bila ya gharama, nacho ni kuweka ratiba mbili mezani siku moja.

Kwa Eastlands maana yake ni ndogo na ya kushikika. Zamu za mgao zipangwe maji yafike mtaani baada ya saa nne za usiku, wakati volteji imepona na mvuke wa Olkaria unatafuta mnunuzi, na zitangazwe kwa ukweli, maana keteka ajuaye saa hanyonyi bomba kwa hofu. Mita ya pampu ya ploti ipewe bei ya usiku, ijapokuwa ni mteja mdogo, kwa kuwa wadogo hao wakiwa elfu kadhaa ni kiwanda kikubwa. Na kabla ya kuchimba kisima kingine, fedha hizo zizibe mabomba, kwa kuwa bomba lisilovuja likipata maji ya siku zote huhifadhi msukumo, na msukumo ukirudi, orofa tatu za kwanza za kila jengo hazitahitaji pampu kabisa. Hili la mwisho ndilo gumu kupita yote, tena ndilo lisilofunguliwa na mgeni rasmi yeyote, kwa sababu bomba lililozibwa halina utepe wa kukatwa.

Katika ploti yetu, baada ya mota ya pili kuungua, landilodi alikubali kununua boya la kuizima pampu tangi likijaa, jingine la kuizima tangi la chini likikauka, na saa ndogo ya ukutani iiwashayo saa tano za usiku. Bei ya vyote ilikuwa pungufu ya kusuka mota mara moja. Bili ya mita ya pamoja ilishuka tangu mwezi wa kwanza. Ila mama akaaye chumba cha chini, ambacho kitanda chake kimetenganishwa na pampu kwa ukuta mmoja wa tofali, alikuja kulalamika kwamba sasa halali, na mtoto wake huamka kila usiku pampu ianzapo kunguruma. Keteka alikata kipande cha gurudumu kuukuu la lori, akakiweka chini ya pampu, akafunga skrubu upya. Usiku huo alisimama nje ya dirisha la yule mama akingoja saa tano, nasi tulioketi ngazini tukanyamaza kusikiliza.